Ramli yenye jalada jeusi

Jumapili iliyopita nilishikwa tena mlangoni, ibada imekwisha na watu wanapeana mikono: "Mchungaji, nimeomba, nikafumba macho, nikafungua Biblia, kidole kikaangukia Isaya 43. Hiyo si ndiyo hekima itokayo kwa Bwana?" Mara ngapi nimeulizwa hivyo mwaka huu, nimeacha kuhesabu. Najibu leo kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimpe karatasi.

Hapana. Hiyo ni ramli. Mpiga bao anatikisa mbegu, wewe unatikisa kurasa. Kazi ni ileile, na jalada jeusi haliitakasi.

Jaribu mwenyewe. Isimamishe Biblia yako mezani kwa mgongo, kisha iachie. Itafunguka katikati, kwenye Zaburi au Isaya, ama pale ulipozoea kuikunjua. Ndiyo maana watu wa kidole huniletea faraja kila siku, na hakuna aliyewahi kuniletea Obadia. Anayekuchagulia ni mjalidi, kwa gundi na uzi wake. Hata namba za mistari ya Agano Jipya kama tuzijuavyo zilitiwa na mchapaji, Robert Estienne, mwaka 1551. Paulo hakuandika mistari. Aliandika barua, na barua husomwa kuanzia juu.

Sasa dada yule wa mlangoni. Alitakiwa kumdhamini shemeji yake kwenye mkopo wa saccos. Isaya 43 inawaahidi Waisraeli waliokuwa uhamishoni Babeli kwamba maji hayatawagharikisha wala moto hautawateketeza. Habari za saccos hazimo. Akasaini. Na muda wote huo alikuwa ameshika kitabu kinachoonya waziwazi juu ya kumdhamini mtu: Mithali sura ya 6, ya 11, ya 17, ya 22. Jibu lilikuwepo, limechapwa, na yeye amefumba macho! Hapo ndipo ninapokosa uvumilivu.

Waliosoma kidogo hunitupia Augustino. Ni kweli, mwaka 386, bustanini Milano, alifungua nyaraka za Paulo na jicho likatua Warumi 13, maisha yake yakageuka. Lakini huyo alikuwa ameshamsikiliza askofu Ambrosi kwa muda mrefu na kumsoma Paulo kwa bidii. Alijua la kufanya, kilichomshinda ni kulifanya. Baadaye, akiwa askofu, aliandika kwamba hapendi watu watumie kurasa za Injili kupigia kura mambo yao ya kidunia. Mtaguso wa Agde, huko Galia, uliipiga marufuku desturi hiyo mwaka 506. Miaka elfu moja na mia tano imepita, na bado naulizwa mlangoni.

Na mtume Mathiya, je, hakupigiwa kura? Alipigiwa, Matendo sura ya 1. Sura ya 2 Roho akashuka, na kura haionekani tena katika kitabu hicho. Fikeni sura ya 15: suala la tohara kwa watu wa mataifa linatatuliwa kwa watu kukaa, kubishana, kusikilizana na kuandika barua.

Ngozi ya Gideoni nayo iacheni. Alikuwa ameshaagizwa na Mungu, kuomba ishara kwa ngozi ile kulikuwa woga.

Sulemani ndiye wa kumtazama. Kule Gibeoni, kwa maneno ya Kiebrania yenyewe, aliomba moyo unaosikia. Kisha wakaja wanawake wawili na mtoto mmoja. Hakuna sauti iliyomnong'oneza mama ni nani. Aliwaacha wote wawili waseme, akarudia dai la kila mmoja kwa maneno yake, ndipo akaagiza upanga, uliomdhihirisha mama halisi. Mungu alimpa uwezo wa kupima. Kupima kwenyewe alikufanya yeye. Na neno lilelile la hekima anayosifiwa nayo Sulemani, katika Kutoka 31, linatajwa juu ya Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania. Ufundi wake ulikuwa mikononi, na mikono hujifunza kwa kurudia.

Basi, kwa haraka, nafasi inaniishia. Omba, Yakobo 1 inaruhusu bila masharti ya kufumba macho. Tafuta Biblia inasema nini juu ya jambo lako hasa. Itifaki, yaani faharasa ya maneno, mwishoni mwa baadhi ya Biblia, au programu ya simu, itakuonyesha. Mithali ina sura 31, soma moja kwa siku. Waulize watu watatu wasionufaika na uamuzi wako. Swali la fedha mpelekee mhasibu, la uvimbe daktari, nao wamepewa hekima. Kama anayekushauri anakuharakisha, muweke kando.

Nawe uliyenitumia ujumbe wiki hii kuhusu fomu ya udhamini: usisaini bado. Mithali 22, mstari wa 26 na wa 27. Soma ukiwa umefumbua macho, kisha uje tuzungumze.