Dawa Isiyolia Mkobani

Mwanamke aliyekimbia vita kutoka Masisi au Rutshuru hadi pembezoni mwa Goma, nchini Kongo, kisha akaondoshwa tena katika kambi za Bulengo na Lushagala baada ya waasi wa M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, ajua vyema kipi hubebeka na kipi huachwa. Na akiwa miongoni mwa wamezao dawa za UKIMWI, ajua pia kwamba chupa ya vidonge humtangaza njia nzima, kwa vile kila pikipiki irukapo jiwe la volkano nayo hulia chakachaka mkobani. Ndiyo maana wengine huitia pamba, au huvifunga vidonge katika pindo la kitenge.

Chupa hiyo huwaelemea hata wasiougua, wanaotaka kinga tu. Katika utafiti wa HPTN 084, uliowashirikisha wanawake 3,224 wa nchi 7 za Afrika, zikiwamo Uganda na Kenya, baadhi yao walipewa sindano ya kinga ya cabotegravir kila miezi 2 na wengine kidonge cha kinga cha kila siku. Walioambukizwa walikuwa 4 kwa sindano na 36 kwa kidonge, si kwa udhaifu wa kidonge, bali kwa kuwa wengi hawakukimeza. Kuwalaumu ni dhuluma, maana aonekanaye na chupa ile hudhaniwa ama mgonjwa ama mwasherati, ilhali sindano, kama ile ya uzazi wa mpango waliyokwisha kuizoea, haimwambii mume neno.

Hata hivyo wapo wanaoogopa maumivu, na wapo waulizao, kwa busara kabisa, itakuwaje siku ya kurudi kuchomwa ikifika na njia imefungwa. Jawabu si la kufurahisha: dawa hubaki mwilini miezi mingi ikipungua kidogo kidogo, na kwa atakayeambukizwa wakati huo, kiasi kisichotosha kuvidhibiti virusi chaweza kuvizoesha usugu. Kwa mwenye kutibiwa mashaka huzidi, kwani cabotegravir huambatana na rilpivirine, ambayo sharti ikae katika jokofu, nao umeme wa Goma ulikatika katika mapigano yale.

Kwa hiyo, kwa upande wa kinga, naona sindano nyingine, lenacapavir, ndiyo yenye kulingana zaidi na maisha ya huko. Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo mara 2 kwa mwaka, baada ya kupimwa, haihitaji jokofu, na katika utafiti wa Uganda na Afrika Kusini hakuambukizwa hata mmoja kati ya wanawake 2,134 walioipata. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa kinga Julai 2025.

Lakini hiyo ni kinga ya kabla ya kukutana na virusi. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia watu 25,166 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini Kongo, wengi wao Kivu ya Kaskazini, na si haba walioshambuliwa wakitafuta kuni. Aliyekwisha kubakwa huhitaji vidonge vya siku 28, vilivyoanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kituo cha afya kilicho wazi siku hiyo.