Turubai la Dadaab na Siri ya Masizi

Makala haya yananuia kueleza polima zilizotiwa chembe za nano, na mfano wetu unatoka Dadaab, kaunti ya Garissa. Tangu kambi ya Ifo ilipofunguliwa mwaka 1991, zikafuatia Dagahaley na Hagadera, familia zilizokimbia vita vya Somalia zimekuwa zikipinda vijiti kwa mtindo wa aqal, nyumba ya wafugaji inayohamishika. Mahali pa mikeka na ngozi aghalabu pamechukuliwa na turubai la UNHCR, la meta 4 kwa 5.

Turubai hilo ni polithini: nyuzi nyeusi zilizofumwa, zikafunikwa pande zote mbili kwa utando mweupe. Polithini ni polima, yaani molekuli ndefu mno zilizoungana mithili ya mnyororo. Adui yake ni jua. Miale ya urujuanimno huikata minyororo hiyo, oksijeni ikapenya palipokatika, na plastiki iliyokuwa nyumbufu ikakakamaa na kuraruliwa na upepo.

Hapo ndipo masizi yanapofaa. Weusi wa nyuzi hizo ni kaboni ipatikanayo kwa kuchoma mafuta pasipo hewa ya kutosha. Chembe zake hupimwa kwa makumi ya nanometa, na nanometa 1 ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Huimeza miale kabla haijaidhuru polima. Katika mabomba meusi ya maji, asilimia 2 hadi 2.5 ya masizi hutosha.

Kwa nini kidogo hivyo kitoshe? Chukua mchemraba wa sentimeta 1. Eneo la nyuso zake ni sentimeta 6 za mraba. Ukatekate uwe vijichemraba vya nanometa 10, na eneo hilo litafikia meta 600 za mraba. Ila chembe zikigandamana madonge, faida hupotea. Ugumu wa kazi hii umo katika kuzitawanya.

Masizi hayo yana kazi nyingine ambayo wahandisi huitaja kwa ufupi mno: taa ikiwashwa usiku, kivuli cha anayebadilisha nguo hakionekani nje.

Udongo wa mfinyanzi nao hutumika. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Toyota nchini Japani walitia nailoni vibamba vya udongo vyenye unene wa nanometa 1. Chini ya asilimia 5 ilipandisha kiwango cha joto ambacho nailoni hupindia kutoka nyuzi 65 za Selsiasi hadi zaidi ya 140, ikafaa kufunika sehemu za injini.

Tuiteje mali hii? Wengine husema nanokompoziti. Mimi napendelea mseto wa nano: katika mseto wa mchele na choroko, kila punje hubaki ilivyo, na ndivyo zilivyo chembe ndani ya polima. Nano yenyewe ni neno la Kigiriki lenye maana ya mbilikimo.

Masizi huchelewesha uchakavu, hayauzuii. Turubai likichoka huwa kiraka cha choo, kisha ua wa mbuzi, kisha vipande miibani, ambavyo marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 haikuvigusa.