Lexington, mji ambamo farasi anasomewa miaka minne

Familia nyingi za Kongo zilizopelekwa Marekani kama wakimbizi zimefikia Lexington, katika jimbo la Kentucky. Leo Kiswahili kinasikika kule ku soko, ku kanisa na ndani ya bisi za wanafunzi. Na ndugu akipiga simu kutoka kule, hatakosa kutaja farasi. Wako kila upande wa barabara, nyuma ya ua mrefu wa mbao, wanakula majani. Basi mtoto aliyekomalia pale, akimaliza sekondari, anaweza kusema: « Papa, miye nataka kusoma farasi. » Jibu la mzazi tunalijua: « Farasi? Iko kazi gani mule? »

Ni swali la haki. Mtu hatoi makuta ya miaka minne kwa kitu asichokijua. Tutalijibu polepole, juu kazi ile haiko mbali na kazi yetu kama watu wanavyofikiri.

Lexington imekaa juu ya mawe ya chokaa, jamaa ya yale ambayo watu wa Likasi wanayajua Kakontwe. Majani na maji ya pale yana kalsiamu na fosfati, na wenye farasi wanasema njo inayokomaza mifupa ya wanyama wao. Mashariki ya jimbo lile lile kuna milima ya makaa ya mawe. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Kentucky kinafundisha vyote viwili: kinatoa maenjenieri wa migodi, na kinatoa diploma ya sayansi ya farasi pamoja na namna ya kuwaendesha kama mali. Mwana wa mchimbaji na mwana wa mfuga farasi wanakula mkate ndani ya chumba kimoja.

Wengi wanafikiri kwamba kusoma farasi ni kupanda mgongoni na kukimbia. Hapana. Katika diploma ile mwanafunzi anasoma mifupa, misuli, damu, chakula, tabia na uzazi. Anajifunza kwamba farasi jike anabeba mimba karibu miezi 11. Anajifunza kwamba farasi hawezi kutapika. Akila kitu kibaya, tumbo linafunga, na anaweza kufa siku moja tu. Kisha inakuja hesabu: bei ya majani makavu, mishahara, bima, kodi, mikataba ya kuuza. Na kuna staji ya lazima, mwanafunzi anatoka darasani na kwenda kufanya kazi ku shamba ao ofisi ya watu wa farasi.

Anayetaka kupanda kweli anatafuta kwingine. Chuo cha William Woods, katika jimbo la Missouri, kilianza mwaka 1972 kutoa diploma ya miaka minne ambayo ndani yake kupanda ni somo lenyewe. Na kwa wale wanaotaka mashindano, Chris McCarron, aliyekuwa mpanda farasi mkubwa, alifungua shule Kentucky mwaka 2006, chini ya chuo cha serikali cha kazi za mikono. Lakini mpanda wa mashindano lazima awe mwepesi sana, kwa hiyo mlango ule ni mwembamba kabisa.

Kwa nini basi wasomi? Mwaka 2001, wakati wa masika ya kule, farasi wa Kentucky walianza kutoa mimba kwa wingi, na watoto wengine walizaliwa wakafa. Watu waliogopa, maana hasara ilifika mamia ya mamilioni ya dola. Walipima majani, wakapima maji, wakapima udongo. Mwishowe wachunguzi wa chuo walifika ku viwavi. Sisi hapa vinkubala ni chakula, lakini wale wa kule ni wa namna nyingine: wanakula majani ya miti fulani ya porini, mwaka ule walikuwa wengi ajabu, na farasi waliwameza pamoja na majani ya chini. Wachunguzi wanafikiri kwamba manyoya yao yalitoboa matumbo na kuingiza vijidudu. Tangu hapo wenye mashamba walianza kukata ile miti karibu na malisho. Hakuna bwana shamba ambaye angeona jambo lile kwa macho tu.

Jambo la pili ni bei. Mwaka 2006, huko Florida, farasi mmoja wa miaka miwili, jina The Green Monkey, aliuzwa kwa mnada dola milioni 16. Alikuwa amekimbia vizuri sana siku ya kuonyeshwa. Baadaye aliingia mashindano mara tatu na hakushinda hata moja. Wasomaji wetu watacheka kidogo, maana wanawajua watu walionunua kilima kwa sababu jiwe la juu liling'aa, bila kupeleka sampuli ku labo. Kwa hiyo wanunuzi wanalipa watu waliosoma ili waangalie ukoo, mifupa, mapafu na moyo kabla mkono haujapanda. Anapotea hata hivyo, lakini si kwa upofu.

Hapa tufike mahali panapotugusa zaidi. Elimu ya farasi ya Kentucky haikuzaliwa ku chuo. Ilikuwa mikononi mwa Weusi, wengi wao waliozaliwa utumwani. Katika mbio za kwanza za Kentucky Derby, mwaka 1875 mjini Louisville, wapanda farasi 15 walishindana, na 13 walikuwa Weusi. Aliyeshinda ni Oliver Lewis juu ya farasi Aristides, na aliyemfundisha farasi yule ni Ansel Williamson, mtu aliyezaliwa mtumwa. Isaac Murphy alishinda mbio zile mara tatu: 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902. Kisha, makuta yalipokuwa mengi, Weusi walisukumwa nje. Winkfield akaenda kupanda Urusi, akamalizia maisha Ufaransa. Zaidi ya miaka 100 imepita, na hakuna Mweusi mwingine aliyeshinda Derby baada yake.

Tuseme wazi. Mtu anaweza kuwa na elimu yote ndani ya mkono, na bado akaondolewa, kwa sababu hakuna karatasi yenye jina lake. Ba creuseurs wetu wanalijua jambo hili. Mzee anaangalia rangi ya jiwe, analipima kwa kiganja, anataja kiasi cha shaba bila kukosea sana. Halafu kijana wa ofisini anaandika namba, na namba ya kijana njo inalipwa. Diploma ya farasi haifuti dhuluma ya zamani, lakini kwa mtoto wa mgeni ni namna moja ya kuingia mahali ambapo mkono peke yake umezoea kulipwa kidogo. Hata leo wengi wanaosafisha farasi na kulala karibu nao ni watu waliotoka Meksiko na Guatemala. Wanaamka kabla ya jua na kulipwa kidogo.

Hatutaki kupamba. Diploma ile si ya udaktari: anayetaka kutibu farasi ataongeza karibu miaka minne ya shule ya wanyama. Anayemaliza bila kuzoea hesabu ao bila staji nzuri anaweza kuishia kubeba samadi, kazi ambayo angeipata bila kusoma. Na mkopo wa masomo Marekani unamfuata mtu miaka mingi. Kwa hiyo mzazi asiulize tu jina la chuo. Aulize: mtoto atashika farasi saa ngapi kwa juma? Staji iko wapi, na inalipwa? Waliomaliza mwaka jana wako kazi gani leo? Farasi akimpiga mtoto teke, nani analipa hospitali? Mtu wa mgodi anajua kuuliza swali hili la mwisho kuliko wengine wote.

Kwa walio hapa nyumbani, njia ni nyingine. Farasi ni wachache kwetu, juu ya ugonjwa wa ndorobo na tauni ya farasi inayoletwa na vidudu vidogo vya kuuma. Lakini Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha utabibu wa wanyama, na kijana anayependa kazi hii anaweza kuanzia kwa ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Akipata baadaye nafasi ya kwenda nje kusomea farasi, atakuwa amekwisha kushika mfupa, kuchoma sindano na kusimama usiku mzima kando ya mnyama anayezaa.