Mutoto Anayejua Kungoja

Baba na mama, munamujua mutoto anayeona mikate ya mafuta mezani, anaambiwa angoje bukari, na anangoja. Munamujua pia ndugu yake anayelia na kujitupa chini mpaka apewe. Munasema ni utoto tu, itapita. Haipite kila mara, na mwili unaikumbuka.

Kati ya mwaka 1968 na 1974, kwenye shule ya watoto wadogo ya Université Stanford, Marekani, Walter Mischel aliweka kitu kitamu mbele ya watoto wa miaka 4 hivi. Ukingoja nirudi, utapata viwili. Nyuma ya miaka 30, watu 164 kati yao waliulizwa uzito na urefu wao. Wale waliongoja zaidi ndio waliokuwa wepesi zaidi kwa urefu wao. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilionekana.

Basi, musiharakishe kumuhukumu mutoto. Katika jaribio lingine la Marekani, lililotangazwa mwaka 2013, mukubwa aliwaahidi watoto vitu vizuri vya kuchora. Kwa wengine alivileta. Kwa wengine alirudi mikono mitupu. Kisha wakawekewa kitu kitamu. Wale waliotimiziwa ahadi walingoja karibu dakika 12. Wale waliodanganywa, dakika 3 tu. Mutoto si mujinga! Kama baba anasema kila siku «nitakuletea kesho», na kesho haifike, juu ya nini asile leo? Ahadi ndogo munayotimiza nyumbani inamufundisha kungoja kuliko fimbo.

Kuficha chakula na kukataza kila saa hakusaidie pia. Katika Marekani wasichana walifuatwa kutoka miaka 5 mpaka 9: wale ambao mama zao waliwakataza sana vitu vitamu ndio walikula zaidi bila njaa walipovipata. Katika nyumba nyingi kijana anaachwa ale apendavyo, dada yake anachungwa. Na katika Afrika wanawake ndio wanaonenepa kupita kiasi zaidi ya wanaume. Sheria ya meza iwe moja kwa wote wawili.

Fanyeni hivi: kula kuwe na saa yake. Vinywaji vya sukari visikae nyumbani kila siku; chupa ya kola ya santilita 33 ina gramu 35 hivi za sukari, na hakuna mutoto anayeshindana na chupa iliyo mbele ya macho yake. Maji safi yawe karibu. Musimupe pipi ili anyamaze. Kama amesema ameshiba, musimulazimishe kumaliza sahani: anasikiliza tumbo lake, mwacheni aendelee kulisikiliza. (Hatusemi hapa juu ya mutoto mwembamba au mgonjwa, huyo apelekwe kwa munganga, na chakula kwanza.)

Tena mutoto anaangalia baba. Mutu mnene sana mara nyingi anakoroma, pumzi inakatika usiku, hapumzike vizuri, na asubuhi anasinzia mbele ya usukani wa kamyo. Siku munampeleka mutoto kupimwa uzito, ombeni munganga awapime na ninyi: uzito, sukari, na nguvu ya damu.