Mama akifuma, hajakaa bure

UKIINGIA sebuleni kwa watu mtaani Chanji, Manispaa ya Sumbawanga, huenda kinachokusalimia kabla ya mwenye nyumba ni kitambaa. Kipo mgongoni mwa kochi, kipo juu ya stuli, kipo hadi juu ya televisheni. Kimefumwa kwa mkono, na pengine kimedariziwa maneno: Karibu mgeni. Mama hajafungua mdomo, uzi wake umeshasema.

Sasa muulize mama huyo anafanya kazi gani. Wengi watajibu, "Sina kazi, nipo tu nyumbani." Anajibu hivyo sindano ikiwa mkononi, na mtoto yuko pembeni anasikiliza.

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo penye jambo. Katika Afrika Mashariki uzi umekuwa mdomo wa mwanamke kwa miaka mingi. Tazama kanga. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuanza kuweka maneno hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo mwanamke anaweza kumjibu jirani mchokozi, kumbembeleza mume au kumshukuru mama yake bila kutamka neno. Anajifunga tu na kupita.

Uganda yupo msanii aliyelifanya jambo hili kuwa hoja kubwa. Anaitwa Acaye Kerunen. Malighafi yake ni nyuzi za migomba, rafia, matete na mabua ya mtama, vitu ambavyo bibi zetu wanavijua vizuri. Huchukua kazi zilizosukwa na wanawake wa maeneo mbalimbali ya Uganda, akazifumua, akaziunganisha na kuzishona upya mpaka zikawa kazi kubwa za kutundikwa ukutani.

Mwaka 2022 kazi hizo zilifika Venice, Italia, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uganda kuwa na banda la taifa huko. Kerunen alishiriki pamoja na Mganda mwenzake, Collin Sekajugo, na majaji wakalitaja banda lao kwa heshima maalumu.

Je, anasema nini kwa nyuzi hizo? Mkeka ukiwa sakafuni tunaukanyaga. Ukitundikwa ukutani, watu wanasimama na kuanza kuuliza: nani kausuka? Alifundishwa na nani? Alilipwa kiasi gani? Matete nayo yanatoka kwenye ardhi yenye majimaji. Ardhi hiyo ikikaushwa, msukaji anapoteza malighafi yake, na ujuzi wa mama yake unakosa pa kushika.

Wazee walifuma

Kwetu Ufipa hoja hii si ngeni. Katika karne ya 19 Wafipa walijulikana kwa kufuma nguo za pamba kwenye kitanda cha mfumi, mtambo wa mbao wa kufumia nguo. Na waliokuwa wakifuma ni wanaume. Baadaye nguo za viwandani kutoka ng'ambo zikajaa sokoni, na ufumaji ule ukafa.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, usimwambie mtoto wa kiume kwamba sindano na uzi ni vya dada yake. Babu wa babu yake huenda alivaa nguo aliyoifuma mwenyewe. La pili, ujuzi usiothaminiwa hauchukui muda mrefu kupotea.

Tuanzie nyumbani

Baridi ya Juni na Julai hapa Sumbawanga kila mtu anaijua. Mama anafuma kofia na sweta la mtoto mchanga, jirani anakuja kununua, kisha anasema, "Nipunguzie bwana, si ulikuwa umekaa tu." Mama anapunguza. Anarudisha hela ya uzi, basi. Siku nne za macho na vidole vyake zimekwenda bure, na binti yake ameona biashara yote.

Safari ijayo, mkalishe mtoto na daftari. Aandike bei ya uzi. Aandike saa ambazo mama amefuma, na aamue mwenyewe saa moja ya mama ina thamani gani. Ajumlishe. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini jibu lake linaweza kumshtua baba pia.

Kisha mpe kitambaa kidogo, uzi na sindano, msichana kwa mvulana, adarizi neno moja analotaka nyumba nzima ilisome. Usimchagulie. Mwingine ataandika jina la bibi. Mwingine ataandika "Msigombane", na hapo wazazi mtakuwa mmepata ujumbe ambao mtoto asingethubutu kuutamka mezani.

Akimaliza, mtundikie ukutani, pale mgeni anapoketi. Na siku mgeni akiuliza mama wa nyumba hii anafanya kazi gani, mwache mtoto ajibu.