Nambari Isiyosomeka Usiku

Jioni moja, saa moja ikiwa imepita kidogo, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aligongwa na pikipiki kando ya barabara kuu hapa Mabanga, alipokuwa akirejea nyumbani. Mguu wake wa kulia ulivunjika. Mwendeshaji alisita kana kwamba angeshuka, kisha akavuta mafuta na kutokomea upande wa Webuye. Walioshuhudia walikuwa watatu: mama auzaye mahindi ya kuchoma, mwenye duka, na kijana mmoja wa bodaboda. Nilipowauliza nambari ya pikipiki ile, wote watatu walinijibu kwa herufi mbili tu: KM.

Msomaji mpendwa, huenda ukadhani kwamba huo ni mwanzo mzuri wa uchunguzi. La hasha. Pikipiki zilizosajiliwa Kenya katika mtindo wa sasa huanza kwa herufi hizo hizo. Aliyeona KM ameona tu kwamba ilikuwa pikipiki, jambo ambalo mguu wa mtoto ulikuwa umekwisha kulithibitisha.

Niliporudi nyumbani usiku ule niliwasha pikipiki yangu mwenyewe, nikasimama nyuma yake hatua kumi. Sikuweza kusoma hata tarakimu moja! Kibao kilikuwa kimepinda kuelekea juu, kimefunikwa nusu na chuma cha kubebea mizigo, na taa ya nyuma ilikuwa ikikimwagia wekundu hafifu. Ninafundisha fizikia, nami nilikuwa nimeiendesha pikipiki ile miaka minne bila kuona aibu.

Inafaa tukumbuke kibao hiki kilianza vipi. Jiji la Paris lililazimisha vyombo vya moto kubeba vibao vya utambulisho mwaka 1893, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 1903 iliyoanza kutumika Januari 1904. Magari yalikuwa haba siku hizo, lakini wenye mamlaka walikwisha kutambua kwamba chombo kiendacho kasi humpa mwenyewe uwezo wa kudhuru na kutoweka. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, nayo inadai kibao kiwepo na kisifichwe. Huku kwetu magharibi, bodaboda ilipozaliwa mpakani Busia ilikuwa baiskeli, na mwendesha baiskeli hakuhitaji nambari kwa kuwa kijiji kizima kilimjua kwa jina na kwa ukoo. Leo pikipiki hutoka Kitale asubuhi ikawa Bungoma kabla ya chai ya saa nne. Nani atamjua?

Kesho yake niliipeleka kwa fundi wa jua kali. Aliitazama, akacheka.

"Mwalimu, hii si taa yako ya kwanza," alisema. "Kioo kilivunjika, ukanunua cha bei rahisi."

Alisema kweli. Pikipiki nyingi zifikazo hapa huwa na balbu moja ya nyuma yenye nyuzi mbili ndani yake, wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ya kawaida. Kiwandani, sehemu ya chini ya kioo chekundu huachwa wazi bila rangi, ili mwanga mweupe wa wati hizo 5 ushuke juu ya nambari. Kile kidirisha kidogo ndicho taa ya kibao. Kioo kikivunjika, mtu hununua kingine ambacho ni chekundu chote, na kuanzia siku hiyo nambari yake huzimika usiku bila yeye kujua. Tena balbu huangaza chini tu, kwa hiyo kibao kikisogezwa kupisha gunia la mahindi, hata kioo halisi hakisaidii.

Kazi ya kurekebisha haikuchukua hata saa tatu. Fundi alikata ukanda wa chuma wenye unene wa milimita 3, akaukunja na kuulehemu uwe kishikio kinachoteremka chini ya chuma cha mizigo, kibao kisimame wima. Injini ya silinda moja hutetemeka bila huruma, na barabara zetu za murram huongeza yao. Ndiyo maana vibao hupasuka penye matundu ya bolti na kudondoka. Kwa hiyo kila bolti ilitiwa kipande cha mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, na nati za kujifunga zisizolegea kwa mtetemo.

Taa niliitengeneza mimi na wanafunzi wa kidato cha tatu. Tulichukua diodi tatu nyeupe, kila moja ikihitaji takriban volti 3, tukaziunga kwa mfuatano zikawa volti 9. Betri huitwa ya volti 12, lakini injini ikinguruma hupanda hadi kama 14. Zinabaki volti 5 za kuzuiwa. Kwa mkondo wa ampea 0.02, sheria ya Ohm ikatudai rezista ya omu 250. Dukani tulipata ya 270, ikatosha. Kwa jumla hazili hata theluthi moja ya wati. Waya chanya tuliuunga na ule wa taa ya nyuma, si wa breki, maana ukikosea hapo nambari itawaka unapofunga breki tu. Waya hasi tuliufunga kwenye fremu baada ya kukwangua rangi. Mwanafunzi mmoja alisahau kukwangua, taa ikakataa kuwaka, na nadhani darasa zima halitasahau kamwe kwamba rangi haipitishi umeme.

Wapo watakaoniambia kwamba vibao hurudisha mwanga, kwa hivyo taa ni anasa. Naam, hurudisha mwanga kwa yule aliye na taa za gari nyuma yako. Mama muuza mahindi hana taa za gari. Yeye yuko kando ya barabara, gizani, na ndiye shahidi. Agosti 2022 serikali ilizindua nambari za kizazi kipya zenye alama za kuzuia ughushi. Ni jambo jema, lakini ughushi si tatizo la mtu aliyelala mtaroni. Na miezi michache kabla, Machi mwaka huo huo, baada ya dereva mwanamke kushambuliwa na kundi la wahudumu wa bodaboda jijini Nairobi, nchi nzima ilisikia amri za kusajiliwa upya kwa wahudumu. Sikusikia mtu akiuliza kama nambari zilizokwisha kusajiliwa zinasomeka.

Nilikwenda kwenye steji yetu jioni nikiwa na rezista mfukoni, nikajitolea kuwafungia taa bila malipo. Pikipiki zilikuwa kumi na moja. Kwa hatua kumi niliweza kusoma nambari za nne. Vijana wawili walikubali papo hapo. Wa tatu, mtu mzima mwenye watoto shuleni kwetu, alikataa kwa adabu.

"Mwalimu, nambari ikimeta, askari huniona mimi kwanza," alisema. "Aliye gizani hupita."

Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka sasa ninalitafuta. Hasemi uongo: anayetii ndiye aonekanaye, na aonekanaye ndiye asimamishwaye. Lakini nilimwambia kwamba mtoto wake hupita barabara ile ile, saa ile ile. Alinyamaza, akawasha pikipiki yake akaondoka na abiria.

Mwanafunzi wangu alirejea muhula wa tatu akitembelea magongo. Aliyemgonga hajajulikana. Juma lililopita yule mtu mzima alisimama mbele ya lango la shule saa kumi na moja jioni, akaniuliza kama zile taa bado zipo.