Baridi Kali: Tuwalinde Watoto Wanaosubiri Gari la Shule Alfajiri

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, wakazi wa Wilaya ya Makete huishi katika msimu wa baridi kali. Katika Uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, sakitu hutanda juu ya majani alfajiri, na upepo huvuma pasipo kizuizi. Shule zinapofunguliwa Julai kwa muhula wa pili, baridi hiyo ingali katika nguvu zake. Watoto huamka gizani, hutembea hadi barabarani na kusimama hapo wakisubiri gari la shule, au huendelea kwa miguu hadi darasani. Makala hii inaeleza kwa nini muda huo mfupi una hatari, na nini mzazi, shule na kijiji wanaweza kufanya.

Kwa nini alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi

Usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto lililokusanywa mchana, na hali hiyo huendelea hadi jua linapochomoza. Kwa sababu hiyo, baridi kali zaidi haiji usiku wa manane, bali karibu na mapambazuko, wakati ule ule ambao watoto wako barabarani.

Wilaya yetu iko magharibi zaidi kuliko pwani, lakini saa ya nchi ni moja. Mwezi Juni na Julai jua huchomoza hapa karibu saa 1:00 asubuhi, zaidi ya dakika 20 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mtoto anayetoka nyumbani saa 12:00 asubuhi hutoka gizani, na jua halitamfikia kwa muda wa saa nzima. Anayeishi kwenye bonde lenye milima upande wa mashariki husubiri zaidi ya hapo.

Mahali nako kuna uzito wake. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto, hivyo hutelemka taratibu na kutuama mabondeni. Kituo kilicho chini, karibu na daraja au mto, kwa kawaida huwa na baridi kuliko kilicho mita chache juu kwenye mteremko. Kilele cha kilima nacho hakifai, kwa kuwa upepo hukipiga pande zote.

Mwili wa mtoto na baridi

Joto la kawaida la mwili ni karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Likishuka chini ya nyuzi 35, mtu yuko hatarini, hata kama maji hayajaganda. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, kwa sababu mwili wake ni mdogo na ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Upepo huongeza kasi hiyo, na nguo zilizolowa huiongeza zaidi. Mtoto aliyepita kwenye majani yenye umande, akafika kituoni viatu na soksi vikiwa vimelowa, huumizwa na baridi ambayo mwenzake aliye mkavu angeistahimili.

Dalili za mwanzo ni kutetemeka, ganzi ya vidole na midomo kubadilika rangi. Dalili za hatari ni mtoto kujikwaa ovyo, kusema maneno yasiyoeleweka, kusinzia, au kuacha kutetemeka ilhali bado ana baridi. Kuacha kutetemeka huko kusichukuliwe kuwa nafuu. Kunaonyesha kwamba mwili umeanza kushindwa.

Mtoto wa namna hiyo aondolewe kwenye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe blanketi kavu pamoja na kichwa, na akumbatiwe na mtu mzima. Akiwa na fahamu kamili, apewe uji au chai ya moto kiasi. Asisuguliwe mikono wala miguu, asisogezwe karibu mno na moto, na asipewe ulanzi wala kileo chochote, kwa kuwa kileo hufanya mwili upoteze joto zaidi. Kisha apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.

Maandalizi ya nyumbani

Nguo mbili au tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi joto kuliko moja nzito, kwa sababu hewa iliyo katikati yake huzuia joto kutoka. Nguo ya juu iwe ya kuzuia upepo na unyevu. Kofia ya sufi, soksi nzito na glavu si anasa katika msimu huu. Mzazi ambaye mwanawe hana sweta la sare azungumze na mwalimu mkuu mapema, ili mtoto asivuliwe nguo ya joto kwa sababu ya rangi yake. Soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki humwezesha aliyelowa kubadilisha afikapo shuleni.

Uji wa moto kabla ya kutoka huupa mwili nguvu ya kutengeneza joto lake. Aidha, jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa ili watoto waote moto wakivaa. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua familia nzima usingizini.

Usalama kituoni

Masweta ya bluu iliyokoza na ya kijani hupotea machoni mwa dereva katika giza na ukungu. Kitambaa cheupe mgongoni, au kipande cha kiakisi mwanga kwenye begi, humfanya mtoto aonekane mapema. Watoto wasimame mbali na ukingo wa lami, upande ambao gari litasimama, ili wasilazimike kuvuka mbio. Moto wa majani kando ya barabara usiruhusiwe, kwani nguo huweza kushika moto na moshi huwafunika madereva.

Jambo la kupewa uzito wa pekee ni gari kuchelewa. Mtoto aliyekaa baridini muda mrefu atakubali lifti yoyote: lori la mbao, bodaboda asiyoijua, au gari la mtu mgeni. Kwa watoto wa kike hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo wazazi wa kila kituo wakubaliane mambo manne: mzazi mmoja awepo kwa zamu kila asubuhi, namba ya dereva na ya msimamizi wa gari iwe kwa kila mzazi, uwekwe muda wa mwisho wa kusubiri, kwa mfano dakika 15, na ijulikane nyumba ya karibu ambayo watoto wataingia muda huo ukipita. Wanaotembea hadi shuleni waende kwa makundi, wadogo wakiwa katikati. Anayeona au kushuku kuwa mtoto anafanyiwa ukatili apige simu namba 116 bila malipo, au 112 kwa polisi.

Kazi ya kijiji na kata

Kibanda cha kusubiria kinaweza kujengwa kwa nguvu za wananchi: kuta tatu, paa, na mlango ulioelekezwa upande usio na upepo. Hata hivyo, hakijengwi ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za wilaya ziko chini ya TARURA. Anayeanza ujenzi pasipo kuuliza huweza kubomolewa kibanda chake.

Hoja ya kibanda, ya kuhamisha kituo kutoka bondeni, au ya kuiomba shule isogeze mbele saa ya kuwasili wakati wa baridi, ianzie kwenye kamati ya shule au mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kutoka hapo hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani. Hoja iliyoandikwa pamoja na idadi ya watoto, jina la mahali na saa ya kusubiri hujadiliwa kwa urahisi kuliko malalamiko ya jumla.

Hivyo basi, kila mzazi anaombwa asubuhi moja wiki hii asindikize watoto hadi kituoni na kusimama nao mpaka gari lifike. Atakayoyaona hapo ndiyo ayapeleke kwenye mkutano.